Tetea au pora? Anza na mbegu, jinsia iwe mwisho

Mwaka wangu wa kwanza wa kununua kuku mnadani Singida niliuziwa matetea (majike machanga) 20 "wa miezi 5". Nikawapanga kwenye tenga, wakafika salama wote. Wiki ya 3 bandani, alfajiri, mmoja akajaribu kuwika, sauti inakwaruza kama bawaba iliyoshika kutu. Mwezi unaisha wanawika 7. Muuzaji sikumwona tena, ila nusu ya kosa ni langu: niliangalia upanga peke yake, ile nyama ya juu ya kichwa, na wale walikuwa na damu ya Kuchi, mbegu ambayo upanga wake hudanganya.

Tangu hapo sianzi na jinsia. Naanza na mbegu, yaani aina ya kuku, kisha umri, maana hivyo viwili ndivyo vinavyokuambia dalili ipi ya jinsia uiamini.

Hatua ya 1: Mbegu

Kuchi utamjua kwa miguu mirefu, shingo iliyosimama, kidari chenye manyoya haba, na upanga mdogo uliolala kichwani kama kinundu. Kwa huyu upanga haukusaidii sana, pora wake (jogoo mchanga) anaonekana tetea kwa muda mrefu. Kidimu manyoya yamejikunja kuelekea nje. Bukini hana mkia, kwa hiyo usihangaike kutafuta mkia wa jogoo uliopinda. Kishingo hana manyoya shingoni. Akiwa na kishada kidogo chini ya shingo kwa mbele, amerithi kwa mzazi mmoja tu, na ukimpandisha na kuku wa shingo ya kawaida, karibu nusu ya vifaranga watatoka na manyoya shingoni.

Anayesumbua ni Kuroiler, kuku chotara wa kisasa kutoka India. Rangi zake ni mchanganyiko, mnadani anapita kama kienyeji. Shika mguu: ni mnene, na kidari kimejaa. Akilishwa vizuri, wa miezi 2 na nusu anaweza kumzidi uzito kienyeji wa miezi 5. Ndiyo maana umri haupimwi kwa kunyanyua kuku na kusema "huyu mzito".

Hatua ya 2: Umri

Fungua bawa juani. Manyoya makubwa ya nje ni 10, na kati yake na yale ya ndani kuna unyoya mmoja mfupi. Anzia kwenye huo mfupi, hesabu kwenda nje. Kuku mchanga huanza kubadilisha manyoya haya akiwa na wiki 6 hadi 8 hivi, la kwanza kuanguka ni lile lililo jirani na unyoya mfupi, halafu yanafuatana kwenda nje, moja baada ya jingine, kila baada ya wiki moja au mbili. Jipya lina ncha pana ya duara, na likiwa bado linakua shina lake ni laini, la rangi ya bluu kwa damu iliyomo. La utotoni ni jembamba, ncha imechongoka na mara nyingi imechakaa. Ukikuta mapya 2 au 3 tu, unashika kuku wa miezi 2 na kitu, hata kama muuzaji anaapa. Mawili ya mwisho kabisa kwa kawaida hayabadiliki mwaka wa kwanza.

Thibitisha kwa kubonyeza ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari. Ikipinda kama sikio lako, bado mchanga.

Hatua ya 3: Jinsia

Kifaranga wa siku moja mwache. Kumtambua kwa kumfungua tundu la nyuma ni ufundi uliotoka Japani, unahitaji mafunzo marefu, na asiyejua anaua vifaranga. Kubahatisha kwa umbo la yai au kwa kumning'iniza miguu ni porojo.

Wiki ya 6 hadi 8, pora wa mbegu za kawaida upanga wake ni mpana na umeshaanza kuwa mwekundu. Wa tetea umepauka. Linganisha kuku wa tenga moja, wa rika moja, la sivyo utachanganya pora mdogo na tetea mkubwa.

Wiki ya 12 ndipo nafanya uamuzi. Inua kwa kidole manyoya ya mgongoni, pale yanapokaribia mkia. Ya pora ni membamba, marefu, yanang'aa, ncha kali. Ya tetea yameishia duara kama ukucha. Hapa hata Kuchi hakufichi. Kidimu nyoosha unyoya mmoja kati ya vidole viwili, utaiona ncha.

Unayemtaka kwa mayai mpime pia nafasi kati ya mifupa miwili myembamba pembeni mwa tundu la nyuma. Kidole kimoja kikipita kwa shida, bado. Vikiingia viwili au vitatu, anataga au yu karibu. Kienyeji wengi huanza kutaga miezi 6 hadi 8. Upanga wa tetea wakati huo nao huwa mwekundu, na nimeshaona mnunuzi akimrudisha tengani kuku mwenye yai tumboni, akisema "huyu jogoo."