Somo: Makro ya NASM inayosukuma hoja zote kwenye steki na kuisafisha

Wakuu, leo tunaandika makro (kipande cha msimbo chenye jina, ambacho NASM, programu inayogeuza asembli kuwa lugha ya mashine, hukipanua kila ukikitaja) ya kuita fanksheni za C kwenye Linux ya biti 32. Anayeandika asembli kwa mkono anaijua adha yake: hoja (thamani unazoipa fanksheni) husukumwa kwenye steki (sehemu ya kumbukumbu ya kuweka vitu kwa muda) kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza, na baada ya `call` ni wewe uliyeita unayesafisha steki. Ukiongeza hoja ya tatu ukasahau kugeuza `add esp, 8` iwe 12 (esp ni rejista inayoonyesha kilele cha steki, na kila hoja ni baiti 4), programu inaweza kuanguka mbali kabisa na kosa lilipo. Hesabu hiyo tumwachie NASM.

Hatua ya 1. Weka haya juu ya faili lako, hapa `jumla.asm`:

```
%macro ita 1-*
  %rep %0 - 1
    %rotate -1
    push dword %1
  %endrep
  %rotate -1
  call %1
  add esp, (%0 - 1) * 4
%endmacro
```

Hatua ya 2. Ielewe kabla ya kuitumia. `1-*` maana yake kitu kimoja au zaidi, bila kikomo. `%0` ni idadi ya vyote ulivyoipa makro, jina la fanksheni likiwemo, ndiyo maana tunatoa 1. Kiini cha yote ni `%rotate -1`: orodha inazunguka kwenda kulia, wa mwisho anakuja mbele na kuwa `%1`. Kwa `ita printf, a, b`, kwanza inasukumwa b, kisha a, na mzunguko ulio nje ya `%rep` (kitanzi cha NASM) unamleta `printf` mbele ili aitwe. Ifuatilie kwa kalamu na karatasi, usiruke hapa.

Hatua ya 3. Itumie (`ujumbe` ni anwani ya maandishi ya printf):

```
ita printf, ujumbe, eax, 7
```

Hatua ya 4. Andika `nasm -E jumla.asm` uone makro imezaa amri zipi. Ukiridhika:

```
nasm -f elf32 jumla.asm
gcc -m32 -no-pie jumla.o -o jumla
```

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikipitisha `[esp+8]` napata namba za ajabu.*
Kila `push` inashusha esp kwa baiti 4, kwa hiyo hoja zilizotangulia kusukumwa zimeshahamisha mahali unaposoma. Tumia ebp, rejista isiyosogezwa na `push`.

*Naweza kuita MessageBoxA ya Windows?*
Ya biti 32, ndiyo, ila futa mstari wa `add esp`. Huko anayeitwa ndiye anayesafisha. Mkisafisha wote wawili, esp inapitiliza kwa baiti 16.

*Na biti 64?*
Andika makro nyingine. Kwenye Linux hoja sita za kwanza, zikiwa namba kamili au anwani, hupita kwenye rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9, na rsp (esp ya biti 64) lazima igawanyike kwa 16 kabla ya `call`.

*Kitanzi changu kinahesabu kwa ecx, nikiita printf hakiishi.*
Fanksheni ya C ina ruhusa ya kuharibu eax, ecx na edx. Hamishia hesabu kwenye ebx au esi.