Kabla hujahamisha Bacula kwenda seva mpya, angalia haya

Seva ya zamani feni zimeanza kunguruma, bosi hatimaye katoa hela ya mpya, na wewe unaona kazi yenyewe ni kuweka upya Bacula, yaani ile programu ya bekapu, kukopi mafaili ya seting, kuwasha, basi. Hapana bwana. Programu ni ya bure utaipata saa yoyote, mali yenyewe ni historia, yaani ile katalogi inayojua faili la mishahara la mwezi wa tatu liko ndani ya volyumu gani, yaani faili au tepu gani bekapu ilimoandikwa. Ukiipoteza volyumu bado unazo ila ni magunia yasiyo na alama ghalani, utafungua moja moja. Kuna bscan inayosoma volyumu na kujenga katalogi upya, lakini data ikiwa nyingi inakula siku na siku, mimi nimeshaikalia mara moja na sitamani tena.

Kama katalogi yako iko kwenye database ya PostgreSQL usikopi folda la database hivi hivi, matoleo makubwa hayasomani, toa dampo, yaani nakala nzima ya database kwenye faili, kwa pg_dump. Upande mpya database iwe na mpangilio wa herufi wa SQL_ASCII, siyo UTF8 inayokuja yenyewe, maana kwenye mashine za watu kuna majina ya mafaili yenye herufi za ajabu ajabu na UTF8 itayakataa. Andika kwenye karatasi idadi ya kazi (kila bekapu iliyoendeshwa) na volyumu kabla ya kuhama, halafu hesabu tena ukishamaliza. Toleo la Bacula libaki lilelile usiku huo, usihame na kupandisha toleo kwa pamoja, maana Dairekta mpya, ile sehemu ya Bacula inayoongoza kazi zote, akikuta jedwali za toleo la zamani hawaki mpaka uendeshe skripti ya update_bacula_tables ya kuzipandisha, na hapo kitu kikigoma hutajua ni uhamaji au ni toleo. Dairekta na upande wa storeji, ule unaoandika volyumu, lazima wawe toleo moja, klayenti, yaani mashine zinazobekapiwa, wanaweza kuwa nyuma.

Majina usiyaguse. Najua inatamanisha kusafisha, lakini jina la klayenti ndiyo kamba inayoshika historia yake, ukimpa jina jipya kwa Bacula huyo ni mgeni na inaanza bekapu nzima toka mwanzo. Orodha ya mafaili ya kubeba nayo ni hivyohivyo, ukiibadilisha unaambiwa nzima tena. Jina la Dairekta na paswedi yake vibaki, maana kila klayenti anamjua kwa jina hilo. Na kuna huu mtego: pale unapoandika anwani ya storeji usiandike localhost, kwa sababu anwani hiyo anapewa klayenti aitafute mwenyewe, sasa yeye ataitafuta ndani ya mashine yake hahaha. Fayawoli za matawi nazo zijue IP mpya, na port zifunguliwe: 9102 kuingia kwa klayenti, 9103 klayenti kwenda storeji.

Sasa saa, hapa naomba ukae vizuri. Seva mpya ya Ubuntu mara nyingi inakuja na saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kazi uliyoiandikia 22:00 ukimaanisha saa nne usiku itaanza saa saba, na kukicha bado inavuta mtandao watu wa akaunti wanalalamika. Weka majira ya Africa/Kampala. Lakini hiyo ni ndogo, kubwa ni tarehe. Niliwahi kupokea mashine betri ya ndani imekufa, fundi kaseti saa kwa mkono na mwaka kaupeleka mbele, na Bacula usipoiambia kitu inashika volyumu siku 365, rekodi za kazi siku 180, za mafaili 60. Ikiamka na kuona mwaka umepita inafuta rekodi na volyumu za zamani inaziandika juu, bila kukuuliza, kwa sababu ndivyo ulivyoiagiza. Tuliigundua kabla kazi ya kwanza haijaanza, bahati tu. Tangu siku hiyo nazima AutoPrune, ule ufutaji wa rekodi unaojiendesha, na volyumu zote za zamani naziweka Read-Only, yaani zisomwe tu, kabla ya kuwasha chochote.

Volyumu kama ziko Mbarara na seva mpya iko Kampala, piga hesabu kwanza: terabaiti 2 kwenye laini ya Mbps 10 ni zaidi ya siku 18, ikiwa laini haijakatika hata mara moja. Weka kwenye diski panda basi. UPS, ile betri ya kushika umeme ukikatika, sihitaji kukwambia.

Dairekta wa zamani mzime kabisa kabla mpya hajaanza, wawili wasishike volyumu moja. Halafu usijaribu kwa bekapu ya leo, hiyo itapita tu, rejesha faili la miezi minne nyuma toka klayenti wa tawi la mbali, lifungue, lisome. Likikubali ndiyo uiambie ofisi umehama.

Ile mashine ya zamani ikae pembeni imezimwa mwezi hivi. Siku mtu akitaka kuinunua, diski zifutwe kabisa kwanza, maana mle kuna mishahara na namba za vitambulisho vya watu, na sheria ya ulinzi wa data na faragha Uganda tunayo tangu 2019.