Kabla ya Kupima Vinasaba vya Ukoo

Anza na karatasi, si damu. Chora ukoo wa vizazi 3, upande wa mama na wa baba. Wengi huusahau wa baba, ilhali jeni ya BRCA1 yenye hitilafu, ile inayoongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, hurithiwa kwa yeyote kati yao. Kando ya kila jina andika ugonjwa na umri ulipogunduliwa: saratani ya matiti katika miaka 38 hutia shaka zaidi kuliko ya miaka 75.

Ikiwezekana, apimwe kwanza ndugu aliyeugua. Ukitangulia wewe mzima, jibu la “hakuna” halitoshi, kwani huenda hitilafu ya ukoo wenu haijatambuliwa bado. Ukiambiwa kuna badiliko la jeni ambalo maana yake haijulikani, tafadhali usikubali upasuaji wa kuzuia saratani kwa sababu hiyo pekee. Rudi uulize baadaye, tafsiri hubadilika.