Unakwenda kijijini Urusi? Anza na anwani, ndipo ujaze fomu ya usajili

Wengi wetu tuliosoma Urusi tuliijua nchi kwa hosteli, metro na njia ya kwenda chuoni. Kisha siku moja mwenzako wa darasani anakwambia: likizo hii twende kwa bibi yangu kijijini, tukachume uyoga, tuoge banya, bafu yao ya mvuke. Itikia. Robo hivi ya watu wa Urusi wanaishi vijijini, na asiyefika huko ameiona nchi upande mmoja tu. Ila kabla ya kufunga mkoba kuna utaratibu ambao mgeni haukwepi: kusajiliwa mahali unapofikia, ule usajili tunaouita registratsiya. Mjini chuo hukufanyia karibu kila kitu. Kijijini ni wewe na mwenyeji wako.

Sheria inayohusika ni ya mwaka 2006, namba 109-FZ, juu ya usajili wa wageni. Kwa kanuni yake ya jumla, mgeni anayekaa kwa muda akifika mahali papya, mwenyeji wake ana siku 7 za kazi kupeleka taarifa ya kuwasili kwake. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Ukienda kwa siku tatu nne na kurudi, muda huo haujatimia, lakini tunza tiketi ya treni au basi inayoonyesha siku uliyofika, na waage watu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kabla hujaondoka. Vyuo vina kanuni zao, na vingine vinataka barua hata kwa safari ya siku mbili.

Karatasi zenyewe si ngumu. Kinachowakwamisha watu ni anwani. Mara ya kwanza nilipokwenda kijijini nilijaza fomu kwa kufuata alivyonitajia rafiki yangu kwa simu: jina la kijiji na jina la mji ulio karibu. Karani aliirudisha. Mji ule ulikuwa wa wilaya nyingine kabisa. Kijiji kilikuwa upande wa pili wa mpaka wa wilaya, na ofisi yao ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa basi. Tulipoteza siku mbili kati ya zile saba. Ndiyo maana nasema fomu ije mwisho.

Kijiji chako kiko chini ya nani?

Urusi imegawanywa katika mikoa ya aina mbalimbali: oblast, kray, jamhuri, okrugi zenye mamlaka ya ndani. Chini ya mkoa ipo rayon, ambayo ni wilaya. Chini ya wilaya vijiji kadhaa huunganishwa kuwa selskoye poseleniye, kitu kinachofanana na kata: ina kiongozi wake, baraza lake na ofisi ndogo katika kijiji kimojawapo kikubwa. Ngazi hizi mbili za chini, kama serikali za mitaa, ziliwekwa na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 2003, namba 131-FZ.

Chukua kijiji cha Konstantinovo kando ya mto Oka, alikozaliwa mshairi Sergei Yesenin mwaka 1895. Kwa mfumo huo anwani yake ilisomeka hivi: Ryazan oblast, Rybnovsky rayon, Kuzminskoye selskoye poseleniye, selo Konstantinovo. Ngazi nne, na kila moja ina kazi yake. Sasa fikiria mtu anayeandika "Konstantinovo" peke yake. Katika mkoa wa Moscow pekee wapo akina Konstantinovo zaidi ya mmoja. Na majina kama Aleksandrovka, Mikhaylovka, Beryozovka na Pokrovka yamejaa nchi nzima, wakati mwingine mawili ndani ya mkoa mmoja. Jina la kijiji bila wilaya yake halimwambii karani chochote.

Zaidi ya hapo kuna mifumo miwili inayokwenda sambamba, na hili huwachanganya hata Warusi wenyewe. Wa kwanza ni wa utawala wa mkoa, ambamo bado utakuta neno la zama za Kisovieti, selsovet, yaani baraza la kijiji. Wa pili ni wa serikali za mitaa, ambamo limo selskoye poseleniye. Mara nyingi mipaka yake ni ileile, si kila mara. Ukiona karatasi moja imeandika selsovet na nyingine poseleniye, usidhani mojawapo ni ya uongo.

Isitoshe, miaka hii ramani inabadilika. Tangu mwaka 2019 sheria imeruhusu wilaya kuvunja poseleniye zake zote na kuwa munitsipalny okrug, kitu kimoja kisicho na kata ndani yake. Kray ya Stavropol ilibadilisha wilaya zake namna hiyo, na sheria mpya ya Machi 2025, namba 33-FZ, imesukuma mbele mfumo huu wa ngazi moja. Mkoa wa Moscow nao ulizifuta rayon zake na kuzifanya gorodskoy okrug, yaani okrugi za mji. Hivyo unaweza kulala katika nyumba ya magogo yenye kisima uani na ng'ombe wa jirani dirishani, na fomu yako ikasema uko katika okrugi ya mji wa Sergiyev Posad. Andika hivyohivyo. Watu wa vijiji vile wengi hawakuyapenda mabadiliko haya, kwa sababu ofisi iliyokuwa mwendo wa miguu ilihamia mbali, na mzee asiye na gari ndiye anayeumia. Wewe pia utaliona hilo siku ya kupeleka karatasi.

Pa kuipata anwani sahihi

Mwombe mwenyeji pasipoti yake ya ndani na ufungue ukurasa wenye mhuri wa makazi. Kama anaishi katika nyumba hiyohiyo, anwani iko pale. Bora zaidi ni dondoo la rejista ya nyumba na ardhi, vypiska iz EGRN, maana hilo linaitaja nyumba yenyewe. Kisha linganisha na FIAS, daftari la anwani la taifa linalosimamiwa na idara ya kodi na kufunguliwa na yeyote kwenye intaneti. Ukiandika jina la kijiji, FIAS inakupa anwani kwa mifumo yote miwili, wa utawala na wa serikali za mitaa, pamoja na namba ya posta yenye tarakimu 6.

Angalia pia aina ya kijiji, kwa sababu ni sehemu ya anwani. Selo kwa desturi ni kijiji kilichokuwa na kanisa. Derevnya ni kile kisichokuwa nalo. Huko Krasnodar na Rostov utakuta stanitsa, makazi ya asili ya Wakozaki, wale askari wapanda farasi wa zamani, na nyingine ni kubwa mno: Kanevskaya ina watu zaidi ya 40,000 na bado huhesabiwa makazi ya shamba. Khutor ni kitongoji. Aul ni kijiji cha watu wa Kaukazi. Yakutia wilaya inaitwa ulus na kata yake nasleg; mkoa wa Pskov wanasema volost. Nawe nakili neno walilotumia wenyewe.

Mtego mmoja wa kifupisho: herufi "д." ni kifupi cha derevnya, na pia ni kifupi cha dom, nyumba. Anwani "д. Ивановка, д. 5" maana yake ni derevnya Ivanovka, nyumba namba 5. Nimeona wageni wakiandika namba ya nyumba mahali pa kijiji kwa sababu hii.

Na kama nyumba haina namba wala mtaa? Vijiji vidogo vingi vilikaa hivyo miaka na miaka, kila mtu akijua kwa fulani ni wapi. Hapo mwenyeji aende katika ofisi ya poseleniye, au ya okrugi kama poseleniye zimevunjwa, kwa sababu kugawa anwani ni kazi ya serikali ya mtaa. Ofisi hizo ndizo pia zinazotunza pokhozyaystvennaya kniga, daftari la kaya: nani anaishi nyumba ipi, ana ardhi kiasi gani, anafuga nini. Dondoo la daftari hilo limewasaidia wazee wengi ambao nyumba zao hazikuwahi kuingizwa katika rejista ya kisasa. Kupewa anwani hakumaliziki siku moja, kwa hiyo mwenyeji alianze hili kabla hujapanda treni.

Kujaza na kupeleka

Anayepeleka taarifa ni mwenyeji. Wewe unampa karatasi na kukaa naye mezani mkijaza. Mwite kwa jina lake na jina la baba yake, mfano Anna Ivanovna, wala usimwite "babushka" mpaka akuruhusu mwenyewe. Katika shughuli ya karatasi heshima hiyo hufungua mlango.

Mezani ziwepo pasipoti yako, nakala ya ukurasa wa picha na wa visa, kadi ya uhamiaji uliyopewa mpakani pamoja na nakala yake, na tafsiri ya pasipoti kwa Kirusi iliyothibitishwa kisheria. Mwenyeji alete pasipoti yake na hati ya nyumba. Kama nyumba ina wamiliki kadhaa, waulize mapema kama wote wanaridhia.

Fomu hujazwa kwa Kirusi, herufi kubwa, kisanduku kimoja herufi moja. Jina lako liandikwe kwa herufi za Kirusi kama lilivyo kwenye visa. Majina yetu yana namna nyingi za kuandikwa kwa Kirusi: Mwajuma anaweza kuwa na "в" au "у", Juma akaanza na "Дж" au "Ж". Fuata visa hata kama haikupendezi, maana herufi moja ikitofautiana utaonekana watu wawili. Katika tarehe ya kuwasili weka siku uliyofika pale kijijini. Ile uliyoingia Urusi imo kwenye kadi ya uhamiaji.

Wapi pa kupeleka? Hapa ndipo Mtanzania au Mkenya hukosea, kwa kuwa nyumbani tumezoea kuanza kwa mwenyekiti wa kijiji au chifu. Urusi kipo cheo cha starosta, mzee wa kijiji, kilichowekwa ndani ya sheria ya serikali za mitaa mwaka 2018. Msalimie, ni vizuri akujue, lakini yeye si mtumishi wa serikali na hasajili wageni. Kiongozi wa poseleniye naye hasajili. Usajili ni wa Wizara ya Mambo ya Ndani, MVD, na idara yake ya uhamiaji iko makao ya wilaya. Mwenyeji ana njia hizi: kwenda huko moja kwa moja, kupeleka katika kituo cha huduma cha MFC, chenye bango la "Moi dokumenty", kutumia tovuti ya huduma za serikali, Gosuslugi, au kutuma kwa posta.

Kwa kijijini mimi napendelea posta, ikiwa tawi la pale linapokea. Mwenyeji anaonyesha pasipoti, karani anakagua fomu, inafungwa kama barua yenye thamani iliyotajwa pamoja na orodha ya vilivyomo, kisha kile kipande cha fomu cha kukata kinagongwa mhuri na kurudishwa kwake. Serikali haitozi ada ya usajili; mnalipia kazi ya posta. Uliza mapema tawi linafunguliwa siku zipi, kwani posta za vijiji vidogo hazifunguliwi kila siku, na mji wa wilaya huenda una basi moja asubuhi na moja jioni.

Kipande hicho ndicho ushahidi wako. Polisi akikusimamisha, kitoe pamoja na pasipoti. Ukikutwa bila usajili muda ukiwa umepita, kifungu cha 18.8 cha sheria ya makosa ya kiutawala kinataja faini ya rubli 2,000 hadi 5,000, na mahakama inaweza kuongeza amri ya kuondoka nchini. Mwenyeji naye huadhibiwa, na hili lifikirie: bibi aliyekupa kitanda na supu asilipishwe faini kwa uzembe wako.

Kuna watu watakaokuuzia usajili katika nyumba usiyolala. Kataa. Tangu mwaka 2013 usajili wa uongo ni kosa la jinai, kifungu cha 322.3, na kijiji ndicho mahali pabaya kabisa pa kuujaribu, kwa kuwa kila jirani anajua nani amelala wapi.

Baadhi ya vijiji vinahitaji ruhusa nyingine juu ya usajili. Ukanda wa mpakani, kwa mfano sehemu za Karelia au Pskov, una kibali chake kinachotolewa na FSB, idara ya usalama wa taifa, na mgeni hukiomba mapema akiwa bado mjini. Kama FIAS inaonyesha wilaya ya mpakani, mwulize mwenyeji swali hilo kwanza.

Ukimaliza likizo, kumbuka kwamba usajili wa kijijini uliufuta ule wa hosteli. Siku uliyorudi au kesho yake, peleka pasipoti, kadi ya uhamiaji na tiketi katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni ili chuo kikusajili upya, nao wana siku zao za kuhesabu. Kipande cha kijijini usikitupe; kiweke ndani ya pasipoti mpaka chuo kikupe kingine chenye mhuri.