Kupima ukuta na timazi, na hili neno plumb lilitoka wapi

Ukijenga Kampala siku hizi fundi aliyepitia tekniko (chuo cha ufundi) hakuambii ukuta umenyooka, anasema "iko plumb", na poota, msaidizi wake, naye anaitikia tu plumb plumb. Sasa hiyo plumb ni Kilatini, plumbum, yaani risasi (ile madini, si ya bunduki ingawa ya bunduki pia hutengenezwa nayo), ndio maana kwenye kemia alama yake ni Pb. Watu wa zamani walifunga kipande cha risasi kwenye kamba maana ni nzito kuliko chuma, kitu kidogo tu kinavuta kamba ikanyooka na upepo haukisumbui sana. Plumber naye ametoka hapohapo, kwanza alikuwa fundi wa risasi, anaezeka mapaa na kuunga mabomba, Warumi mabomba yao mengi yalikuwa ya risasi, ndio hadi leo tunamwita hivyo hata kama anaunga plastiki mtupu. Wafaransa wakasema à plomb, wima kabisa, Waingereza wakaichukua ikawa aplomb, mtu anayejiamini hatikisiki!

Haya, kupima. Timazi ya dukani ina uzito chini, kamba, na kibao juu chenye upana sawa na ule uzito, hiyo ndio siri yake. Bana kibao kwenye uso wa ukuta juu, shusha kamba, subiri itulie, usiwe na haraka. Uzito ukigusa ukuta kidogo tu bila kuegemea, uko sawa. Uzito ukiacha nafasi, ukuta unakulalia wewe huku juu. Uzito ukiegemea ukuta na kamba ikapinda, chini kumetokeza. Kukiwa na upepo ning'iniza kamba mbali kidogo na ukuta, uzito uzame kwenye ndoo ya maji, halafu pima kwa futi toka kamba hadi ukutani, juu, katikati na chini, vipimo vilingane.

Huna timazi? Nati kubwa na uzi wa nailoni inatosha. Lakini usiyeyushe risasi ya betri ya gari eti utengeneze yako, moshi wake ni sumu, na watoto ndio wanaumia zaidi.

Pima kila kozi (mistari ya matofali) mbili tatu kabla udongo haujakauka, na kwenye kona pima pande zote mbili, maana upande mmoja unaweza kuwa sawa kabisa na mwingine umelala.