Jinsi ya Kutumia Dawa za Matatizo ya Tabia kwa Mbwa na Paka

Kabla ya kufikiria dawa yoyote, mpeleke mnyama kwa daktari wa mifugo apimwe, kwa sababu paka anayekojoa nje ya sanduku lake la mchanga huenda ana maumivu ya kibofu, na mbwa aliyeanza kung'ata ghafla huenda anaumwa jino au kiungo. Vipimo vya ini na figo ni muhimu vilevile, maana viungo hivyo ndivyo vinavyoishughulikia dawa mwilini.

Kwa hofu ya kudumu, mara nyingi daktari huandika fluoksetini au klomipramini, ambazo hutolewa kila siku na huweza kuchukua wiki 4 hadi 8 kabla ya kuonyesha nguvu yake kamili. Tafadhali usikate tamaa mapema, wala usiikatishe dawa ghafla, bali daktari aipunguze hatua kwa hatua. Mtajie pia kila unachompaka au kumvisha mnyama, kwani dawa ya kupe yenye amitrazi haipaswi kuchanganywa na hizo mbili.

Kwa hofu ya tukio moja, kama vile radi au safari ya kliniki, trazodoni au gabapentini hutolewa saa chache kabla. Gabapentini ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu huweza kuwa na zailitoli (kiongeza utamu kinachotumiwa badala ya sukari), ambayo ni sumu kwa mbwa.

Dawa ikishatuliza hofu, mafunzo ndiyo hubadili tabia: mbwa anayeogopa kubaki peke yake aachwe dakika moja, kisha mbili, nawe urudi kabla hajaanza kulia.