Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Usaili wa Kwanza wa Uigizaji wa Jukwaani

Swali ambalo wanaoanza uigizaji huliuliza kabla ya mengine yote ni iwapo wana kipaji, nalo halijibiki kabla mtu hajapanda jukwaani. Linalofaa zaidi ni kujiuliza umejiandaa vipi, kwa kuwa mwongozaji anayekutazama kwa dakika mbili au tatu hana muda wa kupima kipaji. Anachokitafuta ni mtu anayeelewa anachokisema, anayesikika, na anayeweza kubadilika akiombwa abadilike. Hilo la tatu ndilo wageni wa fani hii hulisahau, na ndilo linalopaswa kuongoza maandalizi yote.

Anza na tamthilia yenyewe. Ikiwa mchezo umekwisha kutangazwa, usome wote, wala usiishie kwenye kurasa za mhusika unayemtamani. Mhusika hujulikana pia kwa yale ambayo wengine huyasema yeye akiwa hayupo, na huenda kiini cha hasira yake katika onyesho la tatu kikawa kimefichwa katika sentensi moja ya onyesho la kwanza iliyotamkwa na mtu mwingine kabisa. Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa Urusi aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliwafundisha waigizaji kuanza na hali ambayo mwandishi amekwisha kuiweka: mhusika ni nani, yuko wapi, ni wakati gani, nini kimetokea muda mfupi kabla hajaingia, na anataka nini.

Swali hili la mwisho lina uzito kuliko mengine yote. Chukua neno moja tu, "Umerudi", ambalo dada anamwambia kaka yake aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Akitaka kaka huyo aombe radhi, atalitamka polepole kisha anyamaze, ili kimya hicho kimlazimishe mwenzake aseme kitu. Akitaka akae, huenda akalisema huku tayari anavuta kiti. Akitaka aondoke kabla mama hajamwona, litamtoka haraka na kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni. Hakuna haja ya kuamua mapema kwamba neno hilo ni la huzuni au la furaha. Anayeanza kwa kuchagua hisia huishia kukunja uso, ilhali anayejua anachokitaka kwa mwenzake huiacha hisia ije yenyewe.

Usaili mwingi huhitaji monolojia, yaani maneno marefu ya mhusika mmoja, ya dakika moja au mbili. Chagua inayokaribiana na umri wako, ambayo ndani yake mhusika anajaribu kumfanya mtu fulani afanye jambo, na uiepuke ile inayosimulia tu yaliyopita. Ipime kwa saa ukiwa umesimama na kuisema kwa sauti, maana ukiisoma kimoyomoyo itaonekana fupi kuliko ilivyo, na wasaili wengine humkatisha mtu muda wake unapokwisha. Ukiombwa mbili, ziwe na tofauti ya wazi. Mtu unayemsemesha umweke kwa mawazo mahali pamoja, juu kidogo ya vichwa vya wasaili, kwa sababu msaili anayekodolewa macho hujikuta ameingizwa mchezoni wakati alitaka kukutazama na kuandika. Wapo watakaokushauri uje umevaa kama mhusika. Mimi sioni haja, mradi nguo na viatu vikuruhusu kuinama, kuketi sakafuni na kutembea bila kelele.

Kuhusu kukariri, wengi huuliza namna ya kuweka maneno mengi kichwani, ilhali tatizo kubwa zaidi ni namna ya kuyaweka bila kuyagandisha. Ligawe fungu lako pale ambapo wazo la mhusika linageuka, ujue kwa nini linageuka, kisha uyaseme maneno kwa sauti huku unatembea au unakunja nguo, kila mara kwa mwendo na kasi tofauti. Anayekariri kwa kiimbo kimoja huku amekaa palepale huhifadhi maneno pamoja na wimbo wake, na wimbo huo ukishazoeleka ni vigumu kuung'oa. Madhara yake huonekana msaili anaposema, "Rudia tena, lakini sasa hutaki ajue kwamba umekasirika." Ombi la namna hiyo halimaanishi kwamba ulikosea. Aghalabu msaili amevutiwa kiasi cha kutaka kuona kama unaweza kufanyiwa kazi, na kurudia vilevile kwa nguvu zaidi ndiko kunakomvunja moyo.

Huenda pia ukapewa kurasa usizowahi kuziona na kuambiwa usome pamoja na mtu mwingine. Omba dakika chache uzipitie, kisha utafute ni wapi mhusika wako anakataliwa au anapata anachokitaka. Unaposoma, chukua sentensi kwa macho, inua kichwa, uitamke ukimtazama mwenzako, na wakati wake wa kusema umsikilize badala ya kutangulia kusoma zamu yako ijayo. Sanford Meisner, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Neighborhood Playhouse, shule ya uigizaji ya New York, aliyajenga mazoezi yake juu ya usikivu huo. Kukwama kwenye neno hakuhesabiwi sana.

Sauti haihitaji kupazwa kwa koo. Pumzi ishuke hadi mbavu za chini zipanuke, na miisho ya sentensi isizame, kwani hapo ndipo hadhira ya viti vya nyuma hupoteza maana. Vuma kwa midomo iliyofungwa kwa dakika chache kabla ya kuingia, na unywe maji. Woga hauondoki hata kwa wazoefu, na kumfuatilia mwenzako kwa makini huupunguza kuliko kujiambia usiogope.

Beba penseli. Ukielekezwa usogee kulia, ni kulia kwako wewe unayeitazama hadhira, na ukiambiwa ushuke, unaielekea hadhira, istilahi iliyobaki tangu enzi ambapo sakafu za majukwaa mengi zilijengwa kwa mteremko. Andika mwelekeo huo pembeni mwa mswada kwa penseli, kwa kuwa kesho mwongozaji anaweza kuubadilisha.

Yapo mambo mawili yasiyohusu sanaa. La kwanza ni fedha: wakala wa kweli, yaani anayewatafutia waigizaji kazi, hujilipa kwa asilimia ya ujira utakaoupata, hivyo anayedai malipo ya kukusajili, au anayekulazimisha ununue picha kwa mpiga picha wake kabla ya kukupa nafasi, aachwe. Picha ya uso iliyo wazi, inayofanana nawe jinsi ulivyo leo, inatosha kwa kuanzia, na wasifu wenye mistari minne ya kweli haukuaibishi, kwani msaili akiuliza juu ya igizo ambalo hukuwahi kulicheza utashikwa mara moja.

La pili ni ratiba. Kabla ya kujaza fomu ya usaili, ifungue kalenda yako na uandike kila tarehe ambayo hutapatikana, ukiwemo mtihani, harusi au safari, hata kama unahofu kwamba orodha itakupunguzia nafasi. Mwongozaji anaweza kupanga mazoezi ya mwanzo bila wewe. Hawezi kufanya hivyo katika wiki ya mwisho, wakati taa, sauti na mavazi vinaunganishwa kwa mara ya kwanza na kila badiliko la taa linapimwa kwa mahali ulipotakiwa kusimama. Ikiwa una udhuru katika wiki hiyo, useme siku ya usaili, kabla majukumu hayajagawiwa.